Stuli za Kuwakalisha Wakwe

Mdogo wangu anaitwa Kioo. Si jina alilopewa na wazazi wetu, na marehemu mama alikuwa akilisikia anasonya, lakini mtaa mzima umelishika, na ukiulizia jina lake halisi utaambiwa hapa hakuna mtu kama huyo. Alilipata kwa mabakuli yake. Anakereza bakuli la mbao, analing'arisha, anakupa ushike, na wewe badala ya kulitazama bakuli unajikuta unatazama meno yako.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu na karakana yake viko upande mmoja wa barabara, katikati yetu yuko muuza ndoo. Nasema haya mapema ili mjue kwamba ninayoyasimulia sikuletewa na watu. Niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyapigia kelele mimi mwenyewe.

Ule mng'ao si uchawi. Akishamaliza kukereza na kupiga msasa, Kioo anafunga kwenye mashine yake chuma kirefu chenye magurudumu matatu ya kitambaa. Magurudumu hayo nilimshonea mimi. La kwanza ni la kitambaa kigumu, nimelishona duara ndani ya duara mpaka likakakamaa. Mengine mawili ni ya flaneli, ile ya nguo za watoto wachanga, nayo nimeyashona katikati tu ili kingo zibaki laini. Gurudumu la kwanza linapakwa dawa ya kahawia, mche wake kama sabuni ya kufulia. La pili linapakwa dawa nyeupe. La tatu ni la nta peke yake, na ole wako uliguse kwa mkono wenye dawa ya kahawia, utatukanwa mpaka ujute kuzaliwa. Kazi unaishika upande wa chini wa gurudumu, kitambaa kinapokwenda mbali nawe. Ukiipandisha juu, gurudumu linakupokonya. Siku moja lilimpokonya bakuli, bakuli likatoka mlangoni, likapita kwa muuza ndoo, likabiringika hadi miguuni pa mteja niliyekuwa nampima kiuno. Yule mama alikimbia na tepu yangu ya kupimia, na mpaka leo sijaiona.

Lakini kabla ya magurudumu kuna mafuta. Mbao inapakwa mafuta, halafu inaachwa rafuni yakauke, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Juu panaweza kukauka upesi, ukapapasa ukaridhika, kumbe ndani bado mabichi. Ukiing'arisha wakati huo, nta inaziba juu, mafuta yanabaki ndani yanangoja joto. Njia ya kujua ni moja tu, unanusa. Ikinuka mafuta, unairudisha rafuni. Ikinuka mbao tu, unawasha mashine.

Basi kazi ya kunusa ilikuwa ya binti yake. Mama wa mtoto huyu alifariki mapema, akabaki na baba yake na mimi shangazi yake, na tangu alipokuwa anavaa sare za shule alikuwa akitoka darasani anapitia karakana. Baba anamwita, "Mkaguzi! Njoo unuse." Mtoto anaweka mkoba chini, anainamia bakuli.

"Unasikia nini?"

"Mafuta, baba."

"Mengi au kidogo?"

"Kidogo. Kama mkebe uliooshwa."

Kioo anacheka, anawageukia wateja. "Mnaona? Wenzangu wanawarithisha watoto mashamba. Mimi wangu namrithisha pua." Na wateja wanacheka, na mimi ninayesikia kutoka kwenye cherehani yangu najivuna kana kwamba pua ile nilishona mimi. Nilimsifu Kioo kwa watu kwamba anajua kulea, kwamba anamfundisha mtoto kazi bila kumchapa wala kumkaripia. Nikikumbuka nilivyokuwa nikisifu, natamani ningekuwa bubu.

Mtoto akakua, akawa dada mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye kope. Akaja mpima ardhi. Kijana mstaarabu, viatu safi, akiongea anakutazama usoni. Alitaka kumwoa Mkaguzi, na kazi yake ilikuwa mbali, safari ya basi ya siku nzima. Nilimpenda. Mkaguzi alimpenda zaidi yangu, maana alianza kuosha kope. Kioo akamkataa. Tukauliza sababu, akasema kijana ana macho ya kuhamahama. Nikamwambia, "Ni mpima ardhi, ulitaka macho yake yakae sehemu moja?" Akanijibu kwamba baba ni yeye. Kijana akaondoka na viatu vyake safi. Mkaguzi hakugomba. Aliacha tu kuimba karakanani, kwa muda mrefu, halafu siku moja akaanza tena, nami nikasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Baadaye akaja fundi wa majokofu. Huyu anakaa mji huuhuu, lakini upande wa pili kabisa, na kazi ya Mkaguzi ingekuwa dukani kwa mama mkwe, anayeoka mikate. Safari hii nilimwambia Kioo mapema, kwamba akileta habari za macho nitamfuata karakanani na mkasi. Akacheka, akakubali. Nikaona alivyokubali taratibu, kama mtu anayemeza kidonge bila maji, nikadhani ni uchungu wa baba. Siku ikapangwa ya wazazi wa kijana kuja kwetu mara ya kwanza.

Hapo ndipo Kioo alipokuja na wazo lake. "Dada, wakwe zangu hawatakalia viti vya plastiki vya kuazima. Watakalia kazi ya mikono yangu, na wakiondoka wataondoka nazo." Akaamua kukereza stuli, moja kwa kila mgeni, vikalio vya duara vilivyochimbika kidogo katikati, miguu imekerezwa kama shingo ya chupa. Alitangaza mtaa mzima. Muuza ndoo aliambiwa. Kinyozi aliambiwa. Watu wakawa wanapita kuuliza stuli zimefikia wapi, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Mimi nilikuwa na shughuli yangu. Nilimchukua Mkaguzi nikamweka kwangu, nikampiga marufuku kukanyaga karakana. Mikono yake ilikuwa inakwaruza kama msasa, na sikutaka mama wa watu ashike mkono wa mkwe wake adhani ameshika gome. Nilimpaka mafuta asubuhi na jioni, nikamshonea gauni, nikamkataza hata kufua.

Siku moja mchana Kioo akaja dirishani kwangu ameshika kikalio cha stuli. Kilikuwa kizuri, jamani, sisemi uongo. Mbao nyekundu yenye mistari myeusi.

"Niitie Mkaguzi anuse hiki."

"Mkaguzi yuko likizo."

"Dada, ni mara moja tu."

"Akinusa kimoja ataanza kukipapasa, akikipapasa atataka msasa, nami nimeshahangaika na mikono ile. Nusa mwenyewe. Pua si unayo?"

Alisimama pale. Nilikuwa nimeinamia sindano, natia uzi, ndiyo maana sikuutazama uso wake vizuri. Nilisikia anacheka kidogo. Halafu akakileta kile kikalio usoni, akavuta pumzi ndefu, mbele yangu, na kufumba macho juu yake kama mtu anayenusa ua.

"Safi kabisa," akasema. "Kimekauka."

"Si ndiyo hayo. Haya nenda, unanizibia mwanga."

Akaenda. Jioni ile nikasikia mashine inanguruma, gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, na nikamwambia Mkaguzi, "Baba yako huyo, anakung'arishia ndoa." Tukacheka wote wawili.

Siku yenyewe ilikuwa na joto la kuchosha. Sebule ya Kioo si kubwa, na bati lake halina dari, kwa hiyo hewa ilikuwa imesimama ndani kama maji kwenye pipa. Mimi nilikuwa jikoni nyuma tangu alfajiri, nimezama kwenye vitunguu na moshi, sikuwa na pua ya kunusia kitu kingine. Mkaguzi alikuwa chumbani, amefungiwa na gauni lake, anangoja kuitwa. Kioo ndiye aliyepanga stuli, akazifunika kwa shuka, na wageni walipoingia akalivuta shuka lile kwa mbwembwe, kama mganga.

Wageni wakasema, "Aaah!"

Walikuwa wamevaa wakavalika. Baba wa kijana suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikakata. Mjomba wa kijana, kaunda suti ya rangi ya mchanga. Na mama wa mikate, mwanamke mnene mwenye heshima zake, gauni la krimu la kitambaa kinachoteleza, kile ambacho mimi huwa nawaambia wateja wakikivaa wasikalie chochote wasichokijua. Wakakaa. Kioo akabaki amesimama, anawatazama makalio yao kwa upendo.

Nilipoleta vinywaji nikamsikia mama wa mikate anavuta pumzi. "Kuna kitu kinanuka mafuta humu," akasema kwa upole.

Nikajitetea haraka, "Samahani mkwe, ni jikoni, nilikuwa nakaanga."

"Hapana, si ya kukaanga," akasema, lakini kwa sababu ni mgeni akaacha.

Mazungumzo yakaenda vizuri. Salamu, utani, safari ilikuwaje, kijana kainama anatazama vidole vyake. Muda ukapita wamekaa palepale, na miili ina joto, na bati linawaka juu yetu. Kisha tukamwita Mkaguzi. Akatoka amependeza hata nikasahau vitunguu. Mama wa mikate akafungua mikono. "Njoo mwanangu," akasema, akainuka amkumbatie.

Stuli ikainuka naye.

Iliinuka kidogo tu, halafu ikajibandua, ikaanguka sakafuni, paa! Mama akageuka kutazama ni nini, na alipogeuka sisi wote tukaona. Doa la kahawia, duara kamili, kubwa kama sinia, limekaa palepale ambapo mwanamke mwenye heshima hataki watu watazame. Baba wa kijana naye akasimama ghafla, suruali yake nyeupe ikasema habari ileile. Mjomba alibaki amekaa. Alikuwa ameshaelewa, na hakutaka kujua.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na sufuria zangu. Kwenye vikalio vile mafuta yalikuwa yametoka matone matone juu ya nta, yamechanganyika na ile dawa ya kahawia, yanang'aa. Stuli zilikuwa zinatoa jasho kuliko sisi.

Mama wa mikate alijishika nyuma, akatazama kiganja chake, akakinusa. "Mkwe," akamwambia Kioo, na sauti yake haikuwa ya kelele, ndiyo maana iliniuma zaidi, "kama hutaki kumtoa mtoto, mdomo unao. Ungesema tu. Si lazima utupake."

"Hapana! Wallahi hapana, mkwe wangu!" Kioo akajibu haraka. "Ni joto hili. Ni mafuta yenyewe. Mafuta ya siku hizi wanachakachua, unanunua mkebe hujui..." Akatazama huku na huku, na macho yake yakamwangukia binti yake. Nikamwona anavyopata njia ya kutokea. Namjua mdogo wangu tangu anatambaa, na namjua anapotaka kukimbia. "Halafu mimi sikagui. Anayekagua ni huyu. Yeye ndiye aliyeninusia, akasema zimekauka."

Mkaguzi alisimama katikati na gauni lake jipya, mikono yake niliyoipaka mafuta asubuhi na jioni ikining'inia tu. Mama wa kijana akamtazama kuanzia juu mpaka chini, na nikajua anajiuliza huyu anayemleta dukani kwake ni mtu wa namna gani.

Mimi sina subira, Mungu anisamehe. Niliweka sinia chini kwa kishindo. "Muongo!" nikasema. "Muongo mkubwa wewe, mbele ya wakwe! Mtoto huyu alikuwa kwangu, hajakanyaga karakana yako, na wewe umekuja dirishani kwangu ukanusa mwenyewe kwa pua yako, ukaniambia safi kabisa! Leo unamtupia mtoto?"

Kijasho chembamba kilikuwa kinamtiririka Kioo kwenye sikio.

Aliyesogea ni Mkaguzi. Aliiokota ile stuli iliyoanguka, akaipangusa vumbi kwa mkono, akamsogezea baba yake mpaka karibu na uso. Nami nilikuwa naisikia ile harufu sasa, mafuta mabichi, makali, ya kufungua kichwa. Hata mtu mwenye mafua angeisikia.

"Nusa, baba," akasema.

Kioo akanusa.

"Unasikia nini?"

Ni maneno ya Kioo mwenyewe, yale ya kila siku tangu sare za shule. Angeweza kudanganya tena. Nilimwona anatafuta neno. Lakini alikuwa hajui aseme nini, maana hakujua jibu, na jibu alikuwa akilipata kwa mtoto huyuhuyu aliyesimama mbele yake.

"Sisikii kitu," akasema.

"Hata kidogo?"

"Sisikii harufu yoyote. Vumbi limeniua pua. Siku nyingi."

"Tangu lini?"

"Tangu ukiwa shuleni," akasema, na akaanza kulia mbele za wanaume wenzake, mtu mzima, huku mjomba wa kijana bado amekaa kwenye stuli yake anatazama ukutani.

Wageni tuliwaondoa kwa heshima iliyobaki. Nilikimbia dukani nikaleta vitambaa, wakajifunga kiunoni juu ya nguo zao, wakatoka mlangoni mmoja mmoja, na mtaa mzima uliokuwa umengoja kuona stuli ukawaona wakiondoka mikono mitupu. Muuza ndoo aliuliza kulikoni. Nilimtazama akarudi kwenye ndoo zake. Hawakusema ndiyo wala hapana kuhusu ndoa. Yule kijana peke yake ndiye aliyegeuka kumtazama Mkaguzi, na Mkaguzi hakumwona kwa sababu alikuwa ndani anazikusanya stuli.

Akazipeleka karakanani. Tulimfuata, mimi na Kioo. Alizipanga rafuni kichwa chini, akapangusa mikono kwenye gauni lake jipya, nami sikumkaripia. Kisha akauliza bila kugeuka, "Na yule mpima ardhi?"

Kioo akakaa juu ya gogo. "Mwanangu."

"Alikuwa na macho ya kuhamahama?"

Kioo akaanza kupangusa vumbi kwenye gogo.

"Baba, nakuuliza. Alikuwa na kasoro gani?"

"Alikuwa anakupeleka mbali," Kioo akasema. "Ningefanyaje kazi?"

Basi. Hilo ndilo jibu lenyewe, na alilitoa kwa sauti ya mtu anayedhani ataeleweka. Mkaguzi alinitazama mimi, nami nikaona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu, maana nilikuwa nimeimba sifa za malezi yale kwa kila mteja aliyeinua mikono nimpime. Pua ya kurithi! Kumbe mtoto hakuwa anarithi chochote. Alikuwa anatumiwa.

"Ungeniambia tu," Mkaguzi akasema. "Ungesema, mwanangu sisikii harufu, nisaidie. Ningekaa, baba. Hata bila kufikiria ningekaa." Halafu akamgeukia baba yake. "Wewe ukaona bora nimwone mpima ardhi mbaya."

Akatoka, akarudi kwangu, na kutoka siku ile hakukanyaga tena karakana.

Kioo alifunga mlango wake. Tukawa hatusikii mashine. Watu wakaanza utani, maana watu ni watu. Kinyozi akawa anawauliza wateja kama wamekuja kukalia kiti au kugandia. Mimi nilijifanya sisikii, na wateja wangu wakajifanya hawajui, na ule unafiki wao wa huruma ulinichoma kuliko kicheko. Nilikuwa na hasira na Kioo kiasi kwamba nilimpelekea chakula bila kumsalimia, naweka sahani, nageuka.

Siku moja nikamkuta amezivua miguu stuli zote. Alikuwa anakwangua nta kutoka kwenye vikalio, kidogo kidogo, kurudi mpaka kwenye mbao tupu. "Nitazipeleka kwao," akasema, "lakini sitajua zimekauka lini." Akaniangalia kama mbwa aliyefukuzwa. Nilielewa anataka nimnusie. Nikamwambia, "Mimi sijui mafuta. Mimi najua vitambaa." Roho mbaya, lakini ndivyo nilivyosema.

Alingoja. Zikakaa rafuni mpaka mvua zikaja zikaisha. Alizing'arisha upya, akazifunga miguu, akazipakia kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe kuvuka mji mzima, mchana kweupe, na mimi nikiwa nyuma kwa sababu pamoja na yote ni mdogo wangu. Tulifika duka la mikate wateja wamejaa. Mama wa mikate alikuwa na unga mpaka viwiko.

Kioo alimwamkia, akashusha stuli moja, akaiweka mbele yake, mbele ya wateja wote, akasema, "Mkwe wangu, mimi sina pua. Naomba unuse. Ukiona bado, narudi nayo."

Nilidhani atatufukuza. Alipangusa mikono kwenye aproni, akainama. Akanusa. Akasema, "Hii sawa." Akanusa ya pili, ya tatu, anainama na kuinuka na mwili wake mkubwa, na wateja wanangoja mikate. Kwenye moja akasita, akarudia.

"Hii bado."

"Bado?"

"Kidogo. Kwenye mguu huu."

Kioo akaishukuru ile aibu, nawaambia kweli, akaishukuru kwa kuinamisha kichwa, akairudisha ile stuli kwenye mkokoteni. Mama akasema, "Mtoto namtaka. Nilimtaka tangu siku ile alivyokusogezea stuli, maana mimi mtu anayenusa vizuri namjua. Ila nikuambie mapema, mkwe, akija kwangu hatakuwa anarudi kukunusia."

"Nimeelewa," Kioo akasema.

Mkaguzi alikubali, ndoa ikapita salama, kwa wali wa kawaida na viti vya plastiki vya kuazima. Aliyetaka kucheka alicheka. Kinachonikaa moyoni ni asubuhi ya kuondoka kwa Mkaguzi, sanduku limeshapakiwa, kijana yuko nje anafunga kamba.

Kioo alikuja dukani kwangu ameshika bakuli. Alikuwa amelikereza kimya kimya bila kumtangazia mtu. Sijawahi kuona lingine kama lile, na nimeona yake yote. Nilijiona mimi ndani yake, na cherehani nyuma yangu, na mlango, na mtaa.

"Mkaguzi," akaita.

Mkaguzi akaja. Alilitazama bakuli, akamtazama baba yake, na Kioo kwa mazoea tu, kwa mazoea ya miaka mingi, nina hakika hakukusudia, akalisogeza lile bakuli kuelekea kwenye pua ya mtoto.

Mkaguzi akageuza uso pembeni. "Mpe shangazi anuse," akasema.

Kioo akanikabidhi. Nikaliinamia, nikavuta pumzi, na nikanusa tena kuhakikisha, mimi niliyesema najua vitambaa tu. Lilinuka mbao, na nta kwa mbali.

"Limekauka," nikasema.

Mkaguzi alilipokea kwa mikono miwili, akamshukuru baba yake vizuri, kama mteja.